Claude Bernard: Mtoto wa mkulima wa zabibu aliyegundua ghala la sukari mwilini

Mwaka 1848, mjini Paris, daktari mmoja wa umri wa miaka 35 alipima damu ya mbwa aliyekuwa amelishwa nyama tupu kwa siku kadhaa. Mbwa huyo hakuwa ameonja sukari, mkate wala kitu chochote chenye wanga. Daktari alitarajia kukuta damu isiyo na sukari. Badala yake, kwenye damu iliyokuwa ikitoka katika ini, aliikuta sukari tele.

Daktari huyo alikuwa Mfaransa Claude Bernard. Kipimo hicho kilipindua yale yaliyokuwa yakifundishwa katika vyuo vya Ulaya kuhusu chakula na mwili. Hadi leo, mgonjwa wa kisukari anayeshangaa kwa nini sukari yake iko juu asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, jibu lake linaanzia kwa mbwa yule.

Mtoto wa shamba

Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, eneo la Beaujolais, karibu na mji wa Lyon. Wazazi wake walilima mizabibu na kuishi kwa kutengeneza mvinyo. Pesa nyumbani zilikuwa chache. Padri wa kijiji alimfundisha Kilatini, kisha akapelekwa katika shule za kanisa, lakini hakuonyesha dalili ya kuwa mwanafunzi wa kutajwa.

Alipofikisha umri wa miaka 18 hivi, aliacha shule na kwenda kujifunza kazi katika duka la dawa huko Vaise, kiungani mwa Lyon. Alifagia, aliosha chupa, alipeleka dawa kwa wateja na kuchanganya alichoelekezwa.

Dawa iliyonunuliwa sana dukani hapo ilikuwa mchanganyiko wa kale ulioitwa teriaki, ulioaminika kutibu karibu kila ugonjwa. Kijana huyo aligundua siri yake mapema. Kila dawa iliyoharibika au kupitwa na wakati haikutupwa, bali iliwekwa kando iingie katika teriaki. Wateja walinunua, wakasifu, wakarudi. Tangu hapo Bernard hakuamini dawa kwa sababu tu watu wanaisifu. Alitaka ipimwe.

Usiku alikuwa na ndoto nyingine. Alipenda michezo ya jukwaani, akaandika mchezo mfupi wa kuchekesha ulioonyeshwa Lyon na kupokewa vizuri. Akaandika mwingine mrefu wa kihistoria, akautia mkobani, na mwaka 1834 akaenda Paris kutafuta jina katika uandishi. Mhakiki mashuhuri aliyeusoma alimshauri atafute kwanza kazi ya kumlisha. Kwa kuwa alishazoea duka la dawa, akamwelekeza kwenye udaktari.

Mwanafunzi wa kawaida, mikono isiyo ya kawaida

Katika masomo ya udaktari Bernard hakung'aa. Kwenye mtihani wa mwaka 1839 wa kuwapata madaktari wanafunzi wa hospitali za Paris, alishika nafasi ya 26 kati ya 29 waliofaulu. Walimu walimwona mkimya.

Mtu aliyemwona tofauti ni François Magendie, mtafiti maarufu wa chuo cha Collège de France. Alitazama jinsi kijana huyo alivyoshika kisu na kupasua viungo bila kukosea, na mwaka 1841 akamfanya msaidizi wake. Magendie alikuwa na tabia ya kufanya jaribio na kuona litakalotokea. Bernard aliongeza utaratibu wake: kuanza na swali, kutabiri jibu, kisha kulijaribu kwa namna ambayo utabiri ungeweza kushindwa.

Pesa bado zilikuwa tatizo. Mwaka 1844 alishindwa mtihani ambao ungempa nafasi ya kufundisha, akafikiria kurudi kijijini kuwa daktari wa kawaida. Rafiki mmoja akamtafutia njia nyingine: ndoa. Mwaka 1845 Bernard alimwoa Fanny Martin, binti wa daktari wa Paris. Kwa desturi ya Ufaransa ya wakati ule, mahari ilitoka upande wa bibi harusi, na mahari hiyo ndiyo iliyomwezesha kubaki Paris na kuendelea na utafiti. Ndoa hiyo ilikuja kumgharimu kwa namna nyingine.

Mbwa wa mkuu wa polisi

Utafiti wa aina yake ulihitaji wanyama hai, na hakukuwa na maabara rasmi wala ruhusa iliyo wazi. Majirani walilalamika, na polisi hawakuipenda kazi hiyo.

Siku moja mbwa aliyewekewa mrija tumboni, ili majimaji ya kusagia chakula yapatikane na kupimwa, alitoroka na mrija wake. Muda mfupi baadaye Bernard aliitwa kituo cha polisi. Mbwa alikuwa mali ya mkuu wa polisi wa mtaa. Bernard hakuruka shutuma. Alieleza kwamba mbwa aliletwa na watu wengine bila yeye kujua mwenyewe, akaomba radhi, akatoa mrija na kumtibu mnyama hadi akapona. Mkuu yule akawa rafiki yake, na Bernard akaamua kufanyia kazi zake katika mtaa huohuo, chini ya kivuli chake.

Sungura waliogeuka wala nyama

Siku nyingine waliletwa sungura kutoka sokoni. Bernard aliona mkojo wao ni mwangavu na wenye asidi. Jambo hilo lilimshangaza, maana mkojo wa mnyama anayekula majani kwa kawaida ni wenye ukungu na hauna asidi. Mkojo kama huo ni wa wanyama wanaokula nyama.

Akajiuliza: huenda wanyama hawa hawajala kwa muda mrefu, na sasa wanaishi kwa nyama ya miili yao wenyewe? Aliwapa majani, na mkojo ukarudi kuwa wa sungura. Akawanyima chakula siku moja na nusu, ukawa mwangavu tena. Kisha akawalisha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, na wakaendelea kutoa mkojo wa mla nyama.

Hapo Bernard alijifunza jambo lililoongoza kazi yake yote ya baadaye. Mnyama mwenye njaa hajaacha kula, ila anakula akiba yake ya ndani.

Mbwa wa nyama na mbwa wa uji

Wakati huo wakemia wakubwa wa Ufaransa walifundisha kwamba ni mimea tu inayotengeneza sukari. Mnyama huila, huichoma kupata joto, basi. Ikiwa damu ina sukari, imetoka kwenye chakula cha siku hiyo.

Bernard alitaka kujua sukari hiyo inaishia wapi mwilini, akiamini kwamba akipata mahali inapochomwa atajua nini huharibika kwa mgonjwa wa kisukari. Alimlisha mbwa mmoja chakula chenye wanga na sukari, akaifuata sukari kutoka utumboni hadi kwenye ini, na akaikuta pia ikitoka upande wa pili wa ini. Mwingine angeridhika. Yeye alitaka mbwa wa kulinganisha, aliyelishwa nyama tupu. Na kwa mbwa huyo, damu iliyotoka kwenye ini ilikuwa na sukari vilevile.

Alirudia. Alibadili njia ya kupima. Alilisha wanyama nyama kwa muda mrefu zaidi. Matokeo hayakubadilika: ini lilikuwa likitoa sukari ambayo haikuingia kwa mdomo.

Wapinzani hawakukosekana. Mmoja wao, Louis Figuier, alidai mwaka 1855 kwamba sukari hiyo huingia na chakula na kujikusanya tu kwenye ini. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliunda kamati, na kamati ikampa haki Bernard. Hata hivyo alijua kwamba njia bora ya kumaliza ubishi ni jaribio lisiloacha mwanya.

Ini lililooshwa

Jaribio hilo lilimjia kwa bahati. Alikuwa na kawaida ya kupima sukari ya ini mara mbili mfululizo. Siku moja alibanwa na muda, akafanya kipimo kimoja na kuacha cha pili hadi kesho yake. Kipimo cha pili kilionyesha sukari nyingi zaidi. Mnyama alikuwa amekufa, ini lilikuwa mezani, na bado sukari iliongezeka.

Bernard angeweza kusema amekosea kupima. Badala yake, mwaka 1855 alichukua ini la mbwa aliyelishwa nyama tupu, akapitisha maji baridi kwenye mishipa yake kwa takriban dakika 40, hadi maji yaliyotoka hayakuwa na damu wala sukari. Aliliacha ndani ya chombo, akaenda zake. Siku iliyofuata, ini hilo lililooshwa likawa limejaa sukari tena.

Basi ndani ya ini kulikuwa na kitu kisicho sukari, kisichotoka kwa kuoshwa na maji, ambacho hugeuka kuwa sukari. Ini likichemshwa, mageuzi hayo yalikoma. Miaka miwili baadaye, mwaka 1857, Bernard alifaulu kukitenga kitu hicho: unga mweupe uliofanana na wanga wa viazi au wa mahindi. Akauita glaikojeni, maana yake kizalisha sukari.

Kwa mtu anayeendesha biashara ya nafaka, jambo lenyewe si gumu. Mtu hauzi magunia yote siku ya mavuno. Anaweka ghalani, anatoa kidogo kidogo wakati soko linapokauka. Ini hufanya hivyo kwa glukosi. Baada ya mlo hupokea na kuifungasha kama glaikojeni. Usiku, au safarini pasipo chakula, hufungua mlango na kuirudisha kwenye damu ili ubongo usikose nguvu. Ini la mtu mzima aliyeshiba hubeba takriban gramu 100 za glaikojeni, na misuli yote pamoja takriban gramu 400. Tofauti ni kwamba ini hutoa kwa ajili ya mwili mzima, lakini misuli huweka kwa matumizi yake yenyewe.

Kutokana na kazi hiyo Bernard alijenga wazo lake kubwa. Mnyama aliye hai ana mazingira mawili, ya nje na ya ndani. Nje kuna joto na baridi, shibe na njaa. Ndani, kwenye damu na majimaji yanayozunguka chembe hai, mwili hupigana kila dakika ili mambo yasiyumbe. Afya ni utulivu huo wa ndani.

Nyumba iliyovunjika

Heshima zilifuatana. Mwaka 1854 aliingia Chuo cha Sayansi, na mwaka 1855 akarithi kiti cha Magendie. Napoleon III alivutiwa na mazungumzo naye, na akapatiwa maabara bora. Mwaka 1865 alitoa kitabu chake kuhusu njia ya majaribio katika udaktari, alichokiandika wakati ugonjwa ulipomlazimisha kupumzika Saint-Julien. Mwaka 1869 akawa seneta.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Fanny alichukizwa na mateso ya wanyama. Majaribio mengi yalifanywa bila dawa ya usingizi, na mume alirudi jioni akinuka kazi yake. Watoto wao wa kiume walikufa wangali wadogo. Mabinti wawili walikua wakiwa upande wa mama yao, na wote watatu wakawa wapinzani wa wazi wa majaribio kwa wanyama. Ilipofika mwaka 1870 mume na mke walikuwa wametengana. Mahari iliyookoa utafiti ilikuwa imelipia kazi ambayo mtoa mahari hakuweza kuivumilia.

Bernard hakuacha. Aliamini maarifa hayo yangeokoa watu, na kwamba hakukuwa na njia nyingine ya kuyapata. Suala hilo halijafungwa hata leo, ingawa sheria za nchi nyingi sasa zinadai mnyama wa utafiti apunguziwe maumivu.

Alichokikosa

Pamoja na hayo, Bernard hakuufikia mzizi wa kisukari. Mwaka 1849 alichoma sehemu ya nyuma ya ubongo wa sungura kwa sindano, na sungura akatoa sukari kwenye mkojo kwa muda. Akaamini kwamba ugonjwa huo hutokana na mishipa ya fahamu kulisukuma ini litoe sukari kupita kiasi.

Kongosho alilijua vizuri, maana yeye ndiye aliyeonyesha jinsi majimaji yake yanavyosaidia kusaga mafuta. Alijaribu hata kuliharibu kwa mbwa kwa kuingiza mafuta kwenye mrija wake, lakini hakuona kisukari. Mwaka 1889, miaka 11 baada ya kifo chake, Joseph von Mering na Oskar Minkowski huko Strasbourg waliondoa kongosho lote la mbwa, na mbwa akapata kisukari. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini kutoka kwenye kongosho.

Insulini ndiyo amri inayoliambia ghala lipokee na kuacha kutoa. Mwaka 1936 Mwingereza Harold Himsworth alionyesha kwamba kuna wagonjwa wa kisukari ambao wakichomwa insulini sukari yao hushuka haraka, na wengine ambao haisogei inavyopaswa. Kundi la pili halikosi insulini tu, bali miili yao haiitii. Hali hiyo ndiyo wataalamu wanaiita ukinzani wa insulini, nayo ndiyo huanza miaka mingi kabla ya kisukari cha aina ya pili.

Kwa kutumia mchoro wa Bernard, inaeleweka. Maghala yana mwisho. Chakula kikizidi matumizi siku baada ya siku, glaikojeni ikajaa, ziada hugeuzwa mafuta. Soda na vinywaji vyenye sukari nyingi huharakisha jambo hilo, kwa kuwa nusu hivi ya sukari ya mezani ni fruktosi, ambayo sehemu yake kubwa hushughulikiwa na ini. Mafuta yakijazana kwenye ini na kiunoni, amri ya insulini hufifia. Misuli haichukui glukosi vizuri. Ini nalo, ambalo lingepaswa kufunga mlango, huendelea kutoa sukari usiku kucha. Ndiyo maana mtu anaweza kulala bila kula na bado akaamka na kipimo kikubwa. Kongosho huongeza insulini kufidia, hadi linapochoka.

Misuli ni ghala linaloweza kufunguliwa upya kwa kutembea. Mtu akitembea, misuli hutumia akiba yake na kuvuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu. Anayekaa kwenye kiti cha basi au usukani wa lori kutwa nzima, akila chapati na soda kila kituo, anapakia ghala ambalo halijatoa mzigo.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Daktari Mwingereza Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi Mulago, Kampala, aliona kisukari ni nadra miongoni mwa watu waliokula vyakula visivyokobolewa, ndizi, viazi, maharage na mboga. Baadaye, akiwa pamoja na mwenzake wa Uganda, Denis Burkitt, alisisitiza kwamba nyuzinyuzi za vyakula hivyo hupunguza kasi ya sukari kuingia mwilini. Hivyo dona na sembe, ingawa vyote ni mahindi, haviufikii mwili kwa mwendo mmoja.

Safari ya mwisho

Bernard alirudi Saint-Julien kila mwaka wakati wa kuvuna zabibu. Alikuwa amenunua nyumba na mizabibu ya bwana aliyekuwa akimiliki ardhi iliyolimwa na baba yake, na huko alivuna na majirani kama mtoto wa kijiji.

Alifariki Paris tarehe 10 Februari 1878, akiwa na umri wa miaka 64. Ufaransa ilimzika kwa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo kabla yake haikuwahi kutolewa kwa mwanasayansi. Akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Nyumba yake ya Saint-Julien sasa ni jumba la makumbusho, katikati ya mashamba ya mizabibu yanayovunwa hadi leo.